Ruhusa ya Kutoka Kitandani

Katika hospitali ya mifupa ya New York, miaka ya 1920, mtoto aliyesubiri kunyooshwa mgongo alivikwa plasta ngumu kutoka kichwani hadi pajani. Plasta ilipokauka ilikatwa ubavuni, ikatiwa bawaba upande mmoja na skrubu ndefu ya kukazia upande wa pili. Skrubu ilizungushwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kiwiliwili kikasukumwa taratibu kuelekea kunyooka. Siku ya upasuaji ilipofika, madaktari walikata dirisha mgongoni mwa plasta ileile, wakapitisha visu humo, kisha wakamrudisha mtoto kitandani akalale ndani ya ganda lake kwa miezi.

Leo kijana aliyepasuliwa kwa ugonjwa huohuo huinuliwa siku inayofuata, akakalishwa kwenye ukingo wa kitanda, kisha akapiga hatua zake za kwanza ameshikwa mkono na mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya juma kwisha huwa anajaribiwa kupanda ngazi. Katika miaka mia iliyopita kati ya ganda lile na ngazi hizi, madaktari walibishania jambo moja: mgongo ulioungwa uruhusiwe kubeba nini, na baada ya muda gani. Waliolipa gharama ya ubishi huo ni watoto. Wengine walilazwa mno, wengine wakaachiwa kabla mfupa haujashika.

Skoliosisi ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea pembeni huku pingili zikijizungusha, ndiyo maana mtoto akiinama mbavu za upande mmoja hutokeza nyuma. Mara nyingi huanza karibu na umri wa kubalehe bila chanzo kinachojulikana, na mipindo mikubwa huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Mpindo ukishapita nyuzi 45 au 50 huelekea kuongezeka hata baada ya mwili kukomaa. Hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji huanza.

Lakini kwa muda mrefu sana hakukuwa na upasuaji wa kuzungumzia, na mazoezi ndiyo yaliyopewa kazi yote. Per Henrik Ling alianzisha taasisi yake ya jimnastiki mjini Stockholm mwaka 1813, na utaratibu wake ukaenea Ulaya hadi kwenye nyumba za matibabu walikopelekwa wasichana wenye mgongo uliopinda. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Rudolf Klapp aliwatambaza watoto sakafuni kwa mikono na magoti, akiamini kwamba wanyama wa miguu minne hawapatwi na maradhi haya. Mwaka 1921, katika mji wa Meissen, Katharina Schroth, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na skoliosisi, alianza kuwafundisha wagonjwa kuelekeza pumzi kwenye upande wa kifua uliobonyea huku wakijitazama kwenye vioo. Njia yake ingali hai, na kwa mipindo midogo ina watetezi wenye hoja nzito. Ila wapo waliofanya mazoezi kwa uaminifu mwaka hadi mwaka na bado mgongo ukaendelea kupinda, na kwao hapakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Kitu hicho kilitoka kwa daktari Russell Hibbs wa New York Orthopaedic Hospital. Mwaka 1911 aliunga pingili za mgonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mwaka 1914 akafanya vivyo hivyo kwa mgonjwa wa skoliosisi. Alichokuwa akitafuta ni kugeuza pingili kadhaa kuwa mfupa mmoja. Alichana vigamba vya mfupa kutoka mgongo wenyewe, akavilaza vikiziba nafasi kati ya pingili na pingili, akaacha mwili umalizie kazi kama unavyounga mkono uliovunjika. Mfupa unaotaka kuungana huhitaji utulivu, na wakati huo utulivu wa mgongo ulipatikana kwa njia mbili tu, plasta na kitanda. Mwaka 1931, Hibbs pamoja na Joseph Risser na Albert Ferguson walichapisha matokeo ya wagonjwa 360. Upasuaji ulikuwa umekubalika, na miezi ya kulala ikakubalika pamoja nao.

Miaka kumi baadaye ikaja ripoti iliyoyavua mazoezi heshima yake. Kamati ya chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani, ikiongozwa na Alfred Shands, ilipitia habari za wagonjwa 425 kutoka hospitali mbalimbali. Ilikuta kwamba kwa walio wengi waliotegemea mazoezi na mikanda ya kushikilia mgongo, mpindo ulizidi. Na kwa waliopasuliwa habari haikuwa ya kushangilia: kwa zaidi ya robo yao mfupa haukushika ipasavyo.

Ripoti hiyo ya 1941 ilisema kweli, lakini ilijibu swali moja tu, kama mazoezi yanaweza kunyoosha mgongo. Hayawezi kuunyoosha mpindo mkubwa. Swali la pili, mazoezi yanafanya nini kwa mwili ambao mgongo wake umeshanyooshwa na daktari, lilibaki pembeni, na kuachwa kwake kulikuwa na madhara. Mtu akilala nusu mwaka misuli hunywea, mifupa hupoteza kalisi, mawe huweza kujijenga kwenye figo, damu huganda miguuni, mapafu hushindwa kupanuka sawasawa. Mgonjwa alitoka hospitali na mgongo mgumu juu ya miguu isiyomudu kumsimamisha.

Polio ndiyo iliyolazimisha mabadiliko. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 milipuko ya ugonjwa huo iliipiga Marekani kiangazi baada ya kiangazi, na misuli ya kiwiliwili ikipooza upande mmoja, mgongo hukosa wa kuushikilia ukaanguka upande wa pili. Mwaka 1946 Walter Blount na Albert Schmidt wa Milwaukee walibuni mkanda wa ngozi uliobana nyonga, wenye vyuma vilivyopanda hadi kidevuni na kisogoni. Watu wengi wanaukumbuka kama mkanda wa kukwepa upasuaji. Kusudi lake la mwanzo lilikuwa kushika mahali pa plasta baada ya upasuaji kwa wagonjwa wa polio, ili waweze kusimama mapema zaidi. Blount alisisitiza pia mazoezi ndani ya mkanda wenyewe: kukaza tumbo, kupanua kifua, kujivuta mbali na vyuma. Mazoezi yalikuwa yamerudi hospitalini, safari hii bila kudai kwamba yatafanya kazi ya mfupa.

Huko Houston, Texas, daktari Paul Harrington alikutana na polio katika sura mbaya zaidi. Alikuwa amecheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Kansas, na baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Houston, akatibu watoto katika hospitali ya umma ya Jefferson Davis. Baadhi yao walipooza hata misuli ya kupumulia. Kumfunga plasta ya kifua mtoto ambaye kila pumzi anaivuta kwa taabu ni kumhatarishia uhai. Kama mgongo haungeweza kushikiliwa kutoka nje, ilibidi ushikiliwe kutoka ndani. Kuanzia mwaka 1947 Harrington alijaribu skrubu, kisha akafikia ufito wa chuma kisichoshika kutu, wenye kulabu juu na chini, uliosukuma ncha mbili za mpindo zitengane.

Mwanzoni aliamini chuma kingetosha bila kuunga mfupa, na mtoto angebaki na mgongo unaonyumbulika. Hakikutosha. Kulabu zilichomoka na fito zikakatika, kwa sababu chuma kinachokunjwa kidogo kila mtu apigapo hatua huchoka, kama waya unaopindwa huku na huku mikononi. Harrington aliyakubali yale aliyoyaona, akaongeza uungaji wa mfupa wa Hibbs. Mwaka 1962 alichapisha matokeo ya wagonjwa 129, na kwa miaka ishirini iliyofuata ufito wake ulikuwa ndio kawaida ya dunia.

Kila ushauri wa mazoezi anaopewa mgonjwa leo umejengwa juu ya jambo lililojitokeza Houston. Chuma ni cha muda. Kazi yake ni kuutunzia mfupa nafasi kwa miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, mpaka ushike. Mfupa ukishika, ndio unaobeba uzito na ufito hupumzika. Usiposhika, ufito hubeba peke yake, na siku yake ya kukatika hufika, hata ikiwa ni baada ya miaka. Kijana anayejisikia mzima mwezi wa pili, jeraha limefunga na maumivu yamekwisha, bado mgongo wake umeshikwa na vyuma vitupu. Hatari iko hapo, maana mwili unakuwa umenyamaza kabla kazi haijaisha.

Hata hivyo plasta haikuondoka mara moja. Madaktari wengi walimwekea mgonjwa ufito wa Harrington kisha wakamfunga plasta na kumlaza miezi kadhaa, ushikizo wa ndani na wa nje kwa pamoja. Walioanza kuthubutu walikuwa Minnesota, kwa John Moe, rais wa kwanza wa jumuiya ya watafiti wa skoliosisi iliyoundwa mwaka 1966. Mwaka 1973, Moe, Robert Winter na mwenzao Leider walichapisha taarifa ya wagonjwa walioruhusiwa kutembea mapema, wakiwa bado na plasta, na kutembea huko hakukuharibu unyookaji uliopatikana. Kwa maneno ni badiliko dogo. Kwa msichana wa miaka 14 lilikuwa tofauti ya kuukosa mwaka wa shule au kutoukosa.

Kuivua plasta kabisa kulihitaji watu wa mazingira mengine. Jijini Mexico, Eduardo Luque alitibu wagonjwa waliotoka mbali, wengi wao maskini, katika nchi ambako joto huifanya plasta ya kiwiliwili kuwa mateso na safari za kurudi kliniki kuwa mzigo. Katika miaka ya 1970 alianza kufunga fito mbili kwa waya zilizopitishwa kwenye kila pingili, badala ya kutegemea kulabu mbili za mwisho. Mzigo uligawanywa, na mgonjwa akasimama bila plasta. Waya hizo zilipita karibu mno na uti wa neva, na hatari hiyo iliwafanya wengi wasite. Lakini kwamba pingili nyingi zishikwe, si mbili, ni wazo ambalo halikurudi nyuma tena.

Wafaransa walilikamilisha. Yves Cotrel alifanya kazi Berck-sur-Mer, mji wa pwani ya kaskazini wenye hospitali ambako kwa vizazi wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa walilazwa chali miaka mizima, wakipitishwa ufukweni juu ya mikokoteni ya kulalia. Mtu aliyezungukwa na historia hiyo alijua vizuri kulala ni nini. Yeye na Jean Dubousset wa Paris walibuni fito mbili zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, zikishikwa na kulabu nyingi, na wakazitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Wagonjwa wao waliinuka siku chache baada ya upasuaji, bila plasta na bila mkanda. Miaka ya 1990 skrubu za kuingia ndani ya pingili zikashika nafasi ya kulabu. Taarifa ya Se-Il Suk na wenzake wa Korea Kusini mwaka 1995 ndiyo iliyowapa wengi ujasiri wa kuzitumia hata kwenye pingili za kifua.

Wapo walioachwa nyuma na maendeleo hayo, na haki yao ni kutajwa. Ufito wa Harrington ulinyoosha kwa kusukuma, na ukifika chini kiunoni ulifuta mbinuko wa kawaida wa mahali hapo. Moe na Francis Denis waliieleza hali hiyo mwaka 1977. Miongoni mwa waliopasuliwa miaka ya 1960 na 1970, wapo ambao miongo baadaye hujikuta wanainama mbele bila kutaka, wanakunja magoti ili waweze kutazama mbele, wanachoka kwa kusimama tu jikoni. Pingili chache zilizobaki huru chini ya chuma zimefanya kazi ya mgongo mzima kwa maisha yote. Mama wa miaka 65 wa kundi hili hafai kupewa karatasi ya mazoezi ileile anayopewa kijana wa skrubu za kisasa. Anayemhudumia aanze kwa kuuliza alipasuliwa mwaka gani, na chuma kiliishia pingili ipi.

Swali hilo la mwisho lina uzito hata kwa vijana. Mwaka 2012, Peter Fabricant na wenzake wa New York waliwafuatilia wanamichezo 42 waliounganishwa pingili, na zaidi ya nusu walirudi kwenye michezo kwa kiwango kilekile au cha juu zaidi. Kadiri uungaji ulivyoteremka chini kiunoni, ndivyo waliorudi walivyopungua. Sababu iko wazi: kujipinda na kuinama hufanyika zaidi sehemu za chini, na anayebaki na pingili mbili huru hana akiba ya mwenye nne.

Tarehe za kurudi zenyewe zimekuwa zikisogea. Paul Rubery na David Bradford walipowauliza madaktari wa jumuiya ya skoliosisi, katika utafiti uliochapishwa 2002, wengi walitaja miezi 6 hadi mwaka kwa michezo isiyo na kugongana, na wengi hawakutaka mgonjwa arudi kabisa kwenye michezo ya kugongana kama futiboli ya Kimarekani. Uchunguzi mwingine wa 2015, wakati skrubu zimeenea, ulionyesha ratiba fupi zaidi: kukimbia karibu na mwezi wa tatu, michezo mingi kwenye mwezi wa sita, ya kugongana mwaka ukitimia, ingawa baadhi ya madaktari bado waliikataa moja kwa moja. Ratiba hizi zimetokana na uzoefu wa madaktari kuliko majaribio ya kulinganisha kundi na kundi. Kwa hiyo mgonjwa anapokuta daktari wake anasema miezi tisa na wa mwenzake anasema sita, asidhani mmoja wao anadanganya. Afuate aliyemfungua mgongo, kwa sababu huyo ndiye aliyeona ubora wa mfupa wake.

Ndani ya miezi hiyo mpangilio hufanana karibu kila mahali. Kwanza ni pumzi, vuta kwa kina na toa, kwa sababu mapafu yaliyolazwa hujaa makohozi. Kutoka kitandani ni kwa kulala ubavu, mabega na nyonga vikigeuka pamoja, kisha kujisukuma kwa mikono. Zoezi kuu ni kutembea, mara nyingi na kwa umbali mfupi. Misuli ya mgongo ilibanduliwa kwenye mfupa wakati wa upasuaji na inahitaji majuma kujishikiza tena, hivyo kuinama kiunoni, kujizungusha na kuinua vitu vizito hukatazwa. Kuogelea huja baada ya jeraha kufunga kabisa na daktari kuridhia, pamoja na baiskeli isiyosogea. Jimnastiki, trampolini na kupiga mbizi kutoka juu hukaa mwisho wa orodha.

Mfano unaojulikana zaidi wa uvumilivu huo ni wa Stacy Lewis, mcheza gofu aliyekulia karibu na Houston, jiji la Harrington. Aligunduliwa na skoliosisi akiwa na miaka 11, akavaa mkanda saa 18 kwa siku kwa zaidi ya miaka sita, akiuvua ili acheze. Mpindo haukusimama. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, aliwekewa ufito mmoja na skrubu tano. Gofu ni mchezo wa kujizungusha kiuno kwa nguvu, yaani jambo lilelile alilokatazwa. Kwa nusu mwaka aliruhusiwa mapigo mafupi tu karibu na shimo, na msimu wake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Arkansas ukapita bila kushindana. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, mwaka 2011 akashinda taji kubwa la kwanza, Kraft Nabisco, na Machi 2013 akawa wa kwanza duniani. Mwaka huohuo alishinda Women's British Open pale St Andrews. Wasimuliaji hupenda mataji. Mapigo mafupi ya ile nusu mwaka yanastahili kusimuliwa zaidi, kwa kuwa mafanikio yote ya baadaye yalisimama juu ya mfupa ulioshika wakati huo.

Barani Afrika, mnyororo wa Minnesota umefika Accra. Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Ghana aliyepata sehemu ya mafunzo yake kwenye kituo cha skoliosisi cha Minnesota, alianzisha shirika la FOCOS mwaka 1998, na hospitali yake ikafunguliwa 2012. Hupokea wagonjwa kutoka nchi nyingi, Ethiopia miongoni mwao, na mipindo ya zaidi ya nyuzi 100 si ajabu hapo. Mgongo wa namna hiyo haunyooshwi kwa siku moja. Mtoto huvishwa pete ya chuma iliyofungwa kwenye fuvu, ikavutwa juu kwa kamba na uzito majuma mengi kabla ya upasuaji. Vifaa vya kuvutia hufungwa kitandani, kwenye kiti cha magurudumu na kwenye fremu ya kutembelea, ili mtoto aende huku na huko, apumue na ajenge misuli wakati mgongo unarefuka. Mazoezi hapo hutangulia kisu.

Jijini Dar es Salaam, upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Karatasi ya maagizo iliyotungwa kwa kijana wa Texas haimtoshi mgonjwa wa Afrika Mashariki anayerudi kijijini, kwa sababu mizigo inayomsubiri si mpira wala gofu. Ni ndoo ya lita 20 kichwani, jembe, kuni, mdogo wake wa kubebwa mgongoni, na safari ya bodaboda kwenye barabara yenye mashimo. Yote hayo huubana au huuzungusha mgongo usioshika bado. Familia iambiwe hayo kwa majina, kabla ya kuondoka wodini, na iambiwe hadi mwezi gani. Iambiwe pia kwamba picha za eksirei za kufuatilia, pamoja na ile ya mwaka mmoja, hazirukwi hata mtoto akiwa anaruka kamba, na kwamba maumivu mapya baada ya kipindi cha nafuu, mlio wa kukatika mgongoni, bega lililoshuka ghafla au ganzi miguuni ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.